Ng'ombe wa Kipyego Wameenda Mtoni

Kipyego wa hapa kijijini Ziwa ni mtu ambaye akikutana na uongo njiani, yeye ndiye anatoka barabarani kuupisha. Namjua tangu alipokuwa akichunga ndama bila suruali, maana shamba lao na letu yametenganishwa na ua wa michongoma tu, na sijawahi kumsikia akiongeza hata unyoya kwa jambo. Mwaka ule wa mvua kubwa mimi niliona kwa macho yangu vyura wakipanda ngazi za kanisa kutafuta mahali pakavu pa kukaa. Kiongozi wao alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Ukimwuliza Kipyego mvua ya mwaka ule ilikuwaje, anafikiri kidogo, anakuna shingo, anasema, "Ilinyesha."

Basi mtu huyo alitaka kitu kimoja hapa duniani: ng'ombe jike wa kwake mwenyewe. Si wengi. Mmoja.

Zamani walikuwa nao. Baba yake alikuwa na zizi ambalo likifunguliwa asubuhi, ng'ombe wa mbele walifika mtoni wakanywa wakarudi kabla wa nyuma hawajatoka. Halafu ugonjwa wa ndigana ukapita ukachagua wazuri, na waliobaki wakauzwa mmoja mmoja wakati Priscah, mke wa Kipyego, alipolazwa hospitali huko Eldoret. Priscah alirudi. Ng'ombe hawakurudi. Na huku kwetu mwanaume asiye na ng'ombe hasemwi vibaya, la, anahurumiwa, na huruma ni mbaya kuliko matusi. Wenzake wakikaa kwa duka kuongea habari ya maziwa, yeye anaanza kuangalia viatu vyake kama mtu aliyeviazima.

Aliyemwinua ni Kigen wa Ainabkoi. Hawa wawili walitahiriwa rika moja, wakalala jando moja, wakala ugali wa sahani moja. Kigen ana ng'ombe wengi, na alipoona mwenzake amebaki na zizi la kufugia kunguru, akamletea ng'ombe wa kimanagan. Kwa wale wasiojua mambo yetu, kimanagan ni hivi: mwenye ng'ombe anamweka ng'ombe wake kwa rafiki. Rafiki anamlisha, anamkamua, maziwa ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Lakini mtu akitunza vizuri, anapewa mtamba mmoja awe wake. Na ng'ombe akifa, hakuna kesi wala chifu. Unampelekea mwenyewe ngozi, aione, ajue ng'ombe wake amekufa kweli na hukumla wala kumuuza. Ngozi ikikubaliwa, urafiki umepona.

"Jike wa kwanza atakayezaliwa ni wako," Kigen alimwambia siku aliyomleta. "Madume utaniletea."

Ng'ombe huyo alikuwa anaitwa Chelel kwa sababu ya baka jeupe usoni. Ng'ombe mpole, mwenye haya kama bibi harusi. Lakini sijui alikuwa amemkosea nani, maana alizaa dume. Tukasema sawa. Mwaka mwingine akazaa dume tena. Wa tatu, Kipyego alikaa zizini tangu asubuhi akiomba Mungu, Priscah naye akiomba kutoka jikoni, na mimi kwa upande wangu wa ua nikiomba kwa sauti ili Mungu asijifanye hajasikia. Ndama akatoka, Kipyego akainua mkia, akaushusha polepole.

"Ni nini?" nikamwuliza juu ya michongoma.

"Ni ndama, Kogo," akasema; Kogo kwa lugha yetu ni bibi, na ndivyo wanavyoniita.

Dume huyo naye akaenda Ainabkoi.

Sasa ndiyo akaja Brian na mbolea ya maji. Brian ni kijana wa Munyaka, mjini, ana viatu vilivyochongoka mbele hivi kwamba angeweza kupanda navyo maharagwe bila jembe. Alikuja siku ya soko, akasimama nyuma ya pikapu, na mitungi imepangwa nyuma yake kama watu wa kwaya. Kila mtungi una picha ya ng'ombe mnene amesimama kwa nyasi, na huyo ng'ombe, kama hamuamini mje mwangalie, anacheka.

"Wazazi wangu," Brian akasema, "hii ardhi yenu imechoka na mbolea ya gunia. Imekuwa chachu. Hii ya maji inaingia kwa majani moja kwa moja. Mahindi, viazi, nyasi ya ng'ombe, yote inakubali."

"Haitaua ng'ombe?" Kipyego akauliza. Huyo ndiye aliuliza, mkumbuke. Watu wote walikuwa wanauliza bei.

"Mzee, ukishanyunyiza, ngoja mvua iipige, ngoja nyasi inywe, kisha ingiza ng'ombe. Hakuna shida. Angalia." Akatia kidole ndani ya kifuniko, akakilamba mbele ya watu. "Ningekuwa nimeshakufa."

Wabuge, mtu wa kutoka upande wa Bungoma ambaye hulimia watu kwa kibarua na ana bomba lake la kunyunyizia dawa, akasema, "Huyo hajafa kwa sababu shetani anasubiri amalize stoki."

Watu wakacheka. Kipyego hakucheka. Aliomba na yeye aonje. Akatia kidole, akalamba, akafumba macho. Baadaye alituambia ina chumvichumvi, halafu inaacha ubaridi kwa ulimi. Akanunua mtungi mmoja.

Tukaiita chai ya shamba. Mwaka ule kila mtu na chai yake. Wabuge aliinyunyizia sukuma wiki zake saa saba mchana, jua likiwa wima, na asubuhi yake majani yalikuwa yameungua rangi ya kahawia kama chapati iliyosahaulika. Akasema dawa ni mbaya. Brian akasema kwa simu kwamba saa ndiyo ilikuwa mbaya. Sylvia wa kule juu aliiweka kwa mahindi asubuhi mapema, na mahindi yake yakawa na kijani cha kutisha. Baadaye mvua ikakatika, na kijani hicho hakikumzuia mtu njaa. Wengine mvua iliwanyeshea siku ile ile ya kunyunyiza, chai yote ikateremka mtoni, na nasikia samaki wa huko chini walinenepa mpaka wakawa wanaomba kutolewa majini wapumzike.

Lakini kwa Kipyego, niwape ukweli, nyasi ilikubali. Alichukua sehemu ya malisho yake, akamwita Wabuge na bomba, wakanyunyiza nusu na nusu nyingine wakaiacha. Wakangoja mvua ipige kama Brian alivyosema. Nyasi ya upande ule! Ilimea kwa haraka mpaka kuku wangu mmoja alipita hapo asubuhi akikata njia, jioni alikuwa hajaweza kutoka. Na Chelel akifunguliwa, anapita upande usionyunyizwa kama hauoni, anaenda kusimama kwa ule mwingine, anakula mpaka baka lake la usoni linakuwa kijani. Maziwa yakaongezeka. Priscah akawa na mursik ya kugawa, yale maziwa yetu yanayogandishwa kwa vibuyu. Vibuyu vilijaa kwa ukuta wa jiko lake. Kipyego akaanza kukaa tena na wenzake dukani, akiangalia watu machoni.

Na Chelel akashika mimba.

"Kogo," Kipyego aliniambia siku moja, akiwa ameegemea mwiba bila kujua, "huyu wa sasa nahisi ni jike."

"Umejuaje?"

"Chelel analalia upande wa kushoto."

Hapo nikajua mtu ameshikwa. Kipyego asingesema kitu kama hicho maisha yake yote. Hayo ni maneno yangu mimi.

Alijenga kibanda cha ndama. Alikipigilia mabati mapya, mwanaume ambaye paa la nyumba yake mwenyewe lina mashimo ya kuhesabia nyota. Wabuge akapita akaangalia.

"Mzee, huyu ndama ataishi vizuri kuliko mimi. Unaweza kuniandika mimi nilale hapa?"

"Wewe unazaa?" Kipyego akamwuliza.

"Nikipata hayo mabati, nitajaribu."

Ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka tukicheka kwa ule ua.

Kiangazi kikaja. Kilikuwa kibaya. Vumbi lilikuwa zito hivi kwamba ndege walikuwa wanatembea kwa miguu. Nyasi yote, ya chai na isiyo ya chai, ikalala ikafa. Ikabaki mabua ya mahindi yaliyorundikwa tangu mavuno, makavu, magumu, na Chelel mwenye tumbo la miezi ya mwisho akawa anayanusa tu, anageuza kichwa. Mbavu zikaanza kuonekana huku tumbo likining'inia. Kipyego akawa hali chakula yeye pia, kama wamekubaliana.

Sasa nyinyi mnajua, na kama hamjui niwaambie, ng'ombe akikataa mabua, sisi tunafanya nini? Tunakoroga chumvi kwa maji, tunanyunyizia mabua, tunageuza, tunanyunyizia tena. Ng'ombe anapenda chumvi kuliko mtoto anavyopenda sukari. Zamani walikuwa wanapelekwa kulamba udongo wa ng'eny, safari nzima, kwa sababu ya chumvi ile tu. Mama yangu alifanya hivyo, mama yake Kipyego alifanya hivyo. Hakuna mtu wa huku hajui.

Ndani ya stoo ya Kipyego kulikuwa na ule mtungi. Ulibaki chini ya nusu. Na yeye alikuwa ameonja. Ulikuwa na chumvi.

Asubuhi hiyo nilimwona anaukokota kutoka stoo.

"Unaupeleka wapi na hakuna nyasi?" nikamwuliza.

Akasimama, akaniangalia kwa furaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kogo, nimefikiri. Hii chai tunaipa nyasi. Nyasi inanenepa. Halafu ng'ombe anakula nyasi, ananenepa. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nyasi ni dalali. Mwaka huu dalali hayuko. Nampa ng'ombe mwenyewe."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mpe, na ukimaliza nipe na mimi nikombe kidogo, haya magoti yamenikauka." Tulicheka wote wawili. Ilikuwa na akili, nawaambia. Mpaka leo nikiisikia kichwani, ina akili. Nyasi imekula na haikufa. Brian amelamba na hakufa. Chumvi ni chumvi.

Akamimina chai kwa karai, akaongeza maji kidogo tu, maana aliona Chelel ni dhaifu na anahitaji nguvu. Akanyunyizia mabua kwa mkono, akageuza, akanyunyizia tena. Chelel akanusa. Akavuta bua moja. Halafu akaanza kula vile sijawahi kumwona akila tangu kiangazi kiingie. Alikula mabua, akalamba karai lenyewe mpaka karai likawa linatembea zizini mbele ya ulimi wake. Kipyego aliegemea kwa ua, mikono nyuma, kama mtu anayepigwa picha.

"Priscah! Njoo uone mtu anakula!"

Priscah akatoka, akaona, akapiga makofi.

Haikuchukua muda. Priscah alikuwa hajafika hata kwa mlango wa jiko. Chelel aliacha kulamba, akainua kichwa kama ameitwa na mtu. Masikio yakaanza kutetemeka. Halafu ngozi ya shingo, halafu ya bega, vile anavyofukuza nzi, lakini nzi hawakuwepo. Akaanza kutoa mate. Tumbo likaanza kupanda upande wa kushoto, likapanda, likawa ngoma. Akalia mlio mmoja mrefu ambao mimi, na nimesikia vilio vingi, sitaki kuusimulia.

Kipyego akamshika pembe. "Chelel. Chelel. Nini?"

Priscah alipiga simu kwa daktari wa ng'ombe. Tulisikia sauti yake kwa simu, alikuwa mbali, kwa shamba la mtu mwingine. "Amekula nini?"

"Mbolea," Priscah akasema. "Ya maji."

Halafu daktari akaongea haraka. "Mpatieni siki, nyingi, na maji baridi mengi sana. Kitu kichachu. Sasa hivi. Mimi nakuja, lakini msiningoje."

"Siki nitatoa wapi hapa!" Priscah akalia. Akaangalia huku na huku, halafu akaangalia jiko lake. "Mursik si chachu? Kipyego! Mursik ni chachu!"

Akakimbia. Alileta vibuyu vyote. Vilikuwa vimekaa vikikomaa, vimepakwa mkaa vizuri, vilikuwa vya wageni wa kanisa. Kipyego akamkumbatia Chelel kichwa, akakiinua, Wabuge aliyekuwa amesikia kelele akaruka ua akashika taya, Priscah akamimina kwa chupa ya soda. Mimi nilikuwa nabeba maji na kusema maneno ambayo kanisani hatuyasemi. Kibuyu kikaisha, kingine kikafunguliwa. Nusu ilikuwa inaenda ndani na nusu inamwagika kwa mikono yao. Ilifika wakati Chelel akatulia, akaacha kutetemeka, na Kipyego akasema, "Inasaidia. Ongeza. Inasaidia."

Alikuwa ametulia kwa sababu alikuwa anaondoka. Akapiga magoti ya mbele, kama ng'ombe anayetaka kulala vizuri. Halafu akaanguka upande, na mguu wa Kipyego ukiwa chini yake. Mdomo wake ulikuwa umejaa maziwa ya kijivu, na vipande vya mkaa kwa ulimi.

Daktari alipofika aliona kwa mbali, akashuka kwa pikipiki polepole. Alimwambia Kipyego mbolea ile ina kitu ambacho nyasi inakijua lakini tumbo la ng'ombe halikijui. "Nyama isiliwe," akasema. Watu wa kijiji walikuwa wameshafika kusema pole, na kila mmoja alikuwa na kisu chini ya sweta. Wakarudi na visu vyao.

Wabuge ndiye alichuna. Kipyego alisimama hapo, hakuangalia kando. Ngozi ilipotoka, Wabuge akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, nifungue tumbo?"

"Fungua."

Ndama alikuwa amekamilika. Manyoya yote, kwato zote, na baka dogo jeupe usoni kama la mama yake. Kipyego akainama, akainua mkia. Wakati huu hakuushusha.

"Ni nini?" Priscah akauliza kutoka nyuma.

Wabuge ndiye alijibu, akiwa ameangalia chini. "Ni jike, Mama."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pana jambo. Ndama akifia tumboni, na yeye huchunwa. Hata ngozi ndogo ina kazi. Na kwa kimanagan, ngozi ya mama na ya ndama zote zinapelekwa kwa mwenyewe. Wabuge alikuwa ameshashika kisu aendelee. Kipyego akamshika mkono.

"Huyu si wa Kigen," akasema. "Huyu ni wangu. Walikubaliana jike wa kwanza ni wangu." Alisema "walikubaliana," kama ni watu wengine.

"Lakini ngozi, Mzee..."

"Mali yangu sipelekei mtu."

Akambeba mwenyewe mikononi, damu ikimteremka kwa shati, akampeleka nyuma ya kile kibanda cha mabati mapya, akachimba shimo, akamzika. Mtu akizika ng'ombe huku kwetu, watu wanadhani ameguswa kichwa. Ndiye ng'ombe pekee wa kwake mwenyewe aliyepata kuwa naye tangu utu uzima, na alikuwa naye kutoka zizini mpaka nyuma ya kibanda.

Ngozi ya Chelel ilikauka kwa ua wangu na wake, ikiangalia pande zote mbili. Ilipokuwa tayari, Kipyego akaikunja kwa gunia, akavaa koti, akaenda Ainabkoi na Priscah. Kabla hajaondoka nikamwita.

"Utamwambia nini?"

"Alivyokufa."

"Mwambie ni radi," nikamwambia. "Au nyoka. Nyoka mweusi, mrefu, aliyetoka kwa mabua, akamwuma kwa titi. Mtu hawezi kumlaumu mtu kwa nyoka. Nitakuja niseme nilimwona, nitasema alikuwa na masikio."

"Hakukuwa na nyoka, Kogo."

"Najua hakukuwa!"

"Basi," akasema, akaenda. Wanasema harufu ya lile gunia mjini Eldoret iliwafungulia njia, hata askari wa kanjo walisimama kando, mkono mmoja kwa pua na mwingine wakipiga saluti.

Ya Ainabkoi aliniambia Priscah, na Priscah hana kipaji cha kuongeza kitu, kwa hivyo naiacha kama ilivyo.

Kigen aliikunjua ngozi kwa nyasi, akaikagua, akapapasa mahali pa baka. "Ni yeye," akasema. "Pole, rafiki. Alikufa na nini?"

"Nilimpa mbolea."

"Ulimpa nini?"

"Mbolea ya maji. Nilinyunyizia mabua. Ilikuwa na chumvi."

Kigen alimwangalia muda mrefu. Huko Ainabkoi wanaitumia kwa viazi, anaijua. "Kipyego. Wewe ni mtu mzima. Mtu hampi ng'ombe mbolea. Hayo maneno umefundishwa na yule mama jirani yako?"

"Hapana. Yeye alinifundisha nyoka."

Priscah anasema hapo alitaka ardhi ifunguke.

"Na alikuwa na mimba," Kigen akasema. "Ndama je?"

"Alikuwa jike."

"Ngozi yake iko wapi?"

"Nimemzika. Alikuwa wangu."

Kigen akaanza kuikunja ngozi tena, polepole, akiiweka pembe kwa pembe. "Watu huzikwa," akasema. "Mimi sijaona ng'ombe akizikwa. Na leo ndiyo siku ya kwanza jike anazaliwa, na leo ndiyo siku ya kwanza ngozi haiko."

"Twende nifukue uone."

"Mimi nisafiri mpaka Ziwa kufukua kaburi la ndama? Watu wataniitaje?" Akainuka. "Kama ulimtaka ndama, alikuwa wako. Hukuhitaji kumficha. Mngekula mama yake hata, ungeniambia una njaa."

"Kigen, sijamficha."

"Sawa," Kigen akasema. "Tukunywe chai."

Chai ikaletwa. Ilikuwa strungi. Kwa boma la Kigen, ambapo ng'ombe wanalia pande zote mpaka huwezi kusikia redio, ikaletwa chai nyeusi bila tone la maziwa. Kipyego aliiangalia kikombeni. Akainywa yote, akasema asante. Hawakugombana. Kigen aliwasindikiza mpaka kwa lango, akamsalimia Priscah kwa heshima. Hawajaonana tena.

Kesho yake nilimwona Kipyego nyuma ya kibanda na jembe. Nikajua anataka kufukua, achune kilichobaki, apeleke. Alisimama hapo jua likapanda. Priscah akatoka, akasimama kando yake. Halafu Kipyego akarudisha jembe stoo. Nilimwuliza kwa ua kwa nini.

"Nikimpeleka," akasema, "huyo naye atakuwa wa Kigen."

Mvua zikarudi. Brian naye akarudi na viatu vyake, akasikia habari, akashika kichwa. "Mzee, mbona hukunipigia simu? Si nilisema ni ya nyasi!" Kipyego akasema, "Ulisema." Brian ni kijana mzuri, nafikiri hata alihuzunika. Lakini aliangalia yale malisho, akakumbuka yalivyokuwa mwaka uliopita, akauliza kama anaweza kuyafanya shamba la mfano, atoe mtungi bure, alete wakulima waone. Kipyego akainua mabega. Wabuge akanyunyiza, asubuhi mapema safari hii.

Sitaongeza kitu hapa, hakuna haja. Nyasi ilifika kiunoni. Ilikuwa na kijani kizito, cha mafuta, upepo ukipita inalala na kuinuka kama mnyama anayepumua. Hakuna mdomo ulioigusa. Ng'ombe wa majirani walikuwa wanasimama kwa ua wakiichungulia, na Kipyego alikuwa anawaacha waichungulie. Kile kibanda kilikuwa katikati, mabati yake bado yanang'aa.

Siku ile Brian alileta watu wengi, wengine kutoka mbali. Wakaingia malishoni wakishika nyasi, wakiivunja, wakiinusa. Kipyego alisimama kwa lango na kofia mkononi.

"Mzee, hii ni ajabu," mwanamke mmoja mnene akamwambia. "Hata mimi ningekula. Na mtaalamu, haina madhara kwa ng'ombe?"

Brian akaangalia viatu vyake. "Ukifuata maagizo, Mama."

"Na ng'ombe wako, Mzee, wako wapi tuwaone? Lazima ni wanene."

Niliacha kupepeta maharagwe. Kipyego akamwangalia yule mama, akaangalia nyasi, akafikiri kidogo, akakuna shingo.

"Wameenda mtoni," akasema. "Kunywa maji."

"Aah! Ni wengi?"

"Wa mbele wamefika," Kipyego akasema. "Wa nyuma bado wanatoka."

Wakageuka wote kuangalia upande wa mto, mikono juu ya macho kwa ajili ya jua, na wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Walimwamini. Walipanda magari yao wakaenda, kila mmoja na mtungi wake.

Kipyego alibaki kwa lango ameangalia upande ule ule. Nilimwita kwa ua, hakugeuka. Nikamwita tena.

"Ngoja kidogo, Kogo," akasema.